Bangi ya Hima ina leseni, mgonjwa wa Hima je?

Juzi hapa Kasese mjini kwenye stegi ya boda askari wamemchukua kijana mmoja, mfukoni alikuwa na msokoto mmoja tu, wakampakia nyuma ya kabangali mbele ya abiria wake na pikipiki ikabaki imeegemea mti na funguo iko ndani. Mzee anayekaanga chapati hapo akasema kwa sauti kabisa, "Si ndo bangi hii hii wanayolima hapo jirani Hima kwa ruhusa ya serikali, au ile inaota kwa Kiingereza?" Watu wakacheka, hata askari mmoja alibana midomo. Mi nikabaki na lile swali, manake kila likija suala la bangi ya dawa huku Uganda watu wanagawanyika mara moja, hawa wanasema dola zinakuja, wale wanasema watoto wataharibika, na huyo mgonjwa ambaye dawa inatajwa kwa jina lake hayuko kwenye maongezi kabisa.

Tuanze na sheria, haraka haraka. Bangi Uganda haijahalalishwa, aliyekwambia hivo kakudanganya. Lakini tangu sheria ya dawa ya 1993, ile iliyounda NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, waziri wa afya ana uwezo wa kutoa ruhusa ya maandishi kwa matumizi ya tiba. Baadaye ikaja sheria ya mihadarati ya 2015, kali zaidi, na Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta. Na unajua haikufutwa kwa sababu ya bangi, ni wakulima na wauzaji wa mairungi (miraa) wa Wakiso ndo walienda kortini, na korti ikasema Bunge liliipitisha bila kuhakikisha akidi imetimia. Yaani sheria nzima ya mihadarati imeanguka kwa sababu hakuna aliyehesabu vichwa mle ndani! Agosti mwaka huo huo Bunge likaipitisha upya. Kwa hiyo sheria inakuja inaanguka inarudi, lakini ule mlango mdogo wa tiba na waziri ameshika ufunguo, uko pale pale.

Kupitia mlango huo ndo wakaingia watu wa Hima, kampuni ya Industrial Hemp na wenzao Together Pharma wa Israeli, wakaanza kulima ndani ya mabanda ya kisasa kwa ajili ya soko la nje. Wengine wengi wakaomba. Wizara ikatoa masharti, na hapo ndo watu wakashika vichwa: mtaji usiopungua dola milioni 5, dhamana ya benki ya shilingi bilioni 4, na hapo bado hujagusa jembe.

Sasa wanaoitetea serikali wana hoja nzito na mi siwezi kuipuuza. Uganda tumefungwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa 1961, na ule mkataba unataka nchi inayoruhusu kilimo cha bangi iwe na chombo cha serikali kinachotoa leseni, kinachosema shamba ni hili na mipaka ni hii, na mavuno yote yaingie mkononi mwa chombo hicho ndani ya miezi 4 baada ya kuvuna. Desemba 2020 kule Vienna nchi zilipiga kura, 27 kwa 25, kuitoa bangi kwenye lile kundi la dawa hatari zisizo na faida kubwa ya tiba, lakini usimamizi haukulegezwa, bado iko kundi moja la udhibiti na morfini, ile dawa kali ya maumivu. Sasa fikiria wakulima elfu tano wenye robo eka kila mmoja kule milimani Rwenzori, nani atapima mavuno ya kila mtu? Wakaguzi wenyewe ni wachache na wana kazi ya kukimbizana na maduka ya dawa yasiyo na leseni kila trading senta. Kampuni moja yenye uzio na kamera ni rahisi kuikagua, hilo ni kweli.

Lakini mkataba haujataja dola milioni 5. Hiyo namba tumeiweka wenyewe, na pesa nyingi si ushahidi wa uaminifu, kuna mtu ana mabilioni na gunia linatoka usiku kwa mlango wa nyuma kama kawaida. Kinachozuia magendo ni vitabu: mbegu ngapi zimeingia, miche mingapi imeota, kilo ngapi zimekauka, ngapi zimechomwa na nani alikuwepo zikichomwa. Hayo hata ushirika wa wakulima wa kahawa unaweza kufundishwa, si wanaandika kilo kila msimu? Mi nadhani ile namba iliwekwa kupunguza foleni ya waombaji na wala si kumlinda mtu.

Na hizo dola nazo, jamani, tuzipunguzie chumvi. Lesotho walianza kutoa leseni 2017, wa kwanza Afrika, watu wakaambiwa ni dhahabu ya kijani, lakini 2020 Canopy Growth ya Kanada, kampuni kubwa kweli, ikafunga virago ikaondoka. Zimbabwe, Zambia, Malawi, Rwanda wote wamefungua mlango huo huo wakiwatazama wanunuzi wale wale, Ujerumani na Israeli. Halafu Mjerumani hanunui majani, ananunua dawa, anataka kiwanda kilichokaguliwa kwa viwango vya Ulaya, kila fungu lipimwe THC ngapi na CBD ngapi, kuna ukungu, kuna sumu ya kunyunyizia. THC ndo ile kemikali ya bangi inayoleta stimu, CBD ni nyingine, hailewishi mtu. Ukikosea kipimo mzigo unarudi au unaungua huko huko.

Upande wa afya nao una pande mbili ndani yake. Wanaosema bangi inatibu kila kitu wanadanganya, na wanaosema haitibu kitu wanadanganya pia. Juni 2018 Marekani walipitisha dawa ya maji inaitwa Epidiolex, ni CBD iliyosafishwa kutoka kwenye mmea wenyewe, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. Kichefuchefu cha wanaotibiwa kansa kina vidonge vya THC ya maabara tangu miaka ya 80. Hayo yana ushahidi mzuri. Kwa maumivu ya muda mrefu ushahidi ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, IASP, kilisema hakiwezi kuunga mkono matumizi ya jumla. Na kwa vijana, THC nyingi na ugonjwa wa akili vina uhusiano, nenda Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, uwaulize wauguzi kabla hujaita hiyo propaganda.

Hapa kwetu kifafa si jambo la vitabuni. Kaskazini, Kitgum na Pader, kuna watoto wa ugonjwa wa kutikisa kichwa wanaotegemea dawa za kifafa miaka na miaka. Je, CBD ingewasaidia? Ni swali la utafiti na lingefaa kuulizwa hapa, na watafiti tunao, kuna taasisi ya serikali pale Wandegeya inayochunguza dawa za mimea tangu miaka ya 60, kuna chuo cha Makerere, kuna cha Mbarara waliotoa dawa ya mitishamba Covidex wakati wa korona na NDA ikaikubali 2021 kama dawa ya kusaidia tu. Wakati tunasubiri, mpakani Mpondwe nimeona kwa macho yangu mama anauza kichupa cha mafuta meusi, kile cha matone ya macho, anasema ni ya mtoto wa degedege, matone matatu chini ya ulimi. Nikamuuliza matatu kwa mtoto wa kilo ngapi, akanitazama kama mjinga. (Bibi zetu walikuwa wanawapa kuku majani hayo mdondo ukiingia, na kuku alikuwa anapona au anakufa amefurahi, lakini mtoto si kuku.)

Kinachoniuma ni kwamba Uganda tulishawahi kufanya jambo hili vizuri, tena na dawa kali kuliko bangi. 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, na kuleta morfini ya kunywa, unga unachanganywa na maji hapa hapa nchini, bei yake ndogo. 2004 sheria ikaruhusu hata wauguzi na maofisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo waiandike, kwa sababu kijijini daktari hayupo. Serikali ikachukua gharama, mgonjwa hapewi bili. Ni dawa ile ile ambayo kwingine Afrika imefungiwa kabatini kwa woga.

Najua mfano hauendi mpaka mwisho. Morfini dozi yake inajulikana, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, wakati ua la bangi lina kemikali zaidi ya mia na kila mbegu ina tabia yake. Kwa hiyo sisemi tugawe majani kwenye vituo vya afya. Nasema morfini tulianzia kwa mgonjwa ndo tukatafuta namna ya kuidhibiti, bangi tumeanzia kwa mnunuzi wa nje. Kama mwenye leseni angebanwa atoe sehemu ya kila mavuno kwa watafiti wa hapa, iliyopimwa tayari, na achangie gharama ya majaribio yanayopita kamati za maadili na NDA, hiyo haizidi uzito wa dhamana ya bilioni 4.

Shangazi yangu alikufa na kansa ya kizazi nyumbani kwake. Morfini yake ilikuwa inakaa kwenye chupa ya maji ya plastiki, maji ya kijani ambayo ungedhani ni sharubati, na kijiko cha kupimia kimefungwa kwa uzi shingoni mwa chupa ili kisipotee. Usiku alikuwa anapata usingizi. Siku ya tatu baada ya mazishi muuguzi alikuja na boda, akatupa pole, akanywa chai, halafu akaomba chupa. Akamimina kilichobaki kwenye kikombe cha vipimo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaandika mililita kwenye daftari na mume wa shangazi akaweka sahihi.