Ukinunua megavolti 18, nunua na kipima nyutroni

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani kutoka Kondoa au Mpwapwa amefunga safari hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwenda kupigwa mionzi. Kila tunapojadili kuisogeza huduma hiyo Dodoma, maneno huwa ni nguvu ya mashine, inayotajwa kwa megavolti, na bei yake. Nyutroni, chembe ndogo za ndani ya atomu ambazo mashine kubwa huzimwaga pamoja na eksirei, haitajwi, na mimi naona ingetajwa mwanzo kabisa, kwenye karatasi za zabuni.

Mashine ya eksirei za megavolti 6 haina tatizo hili. Ukishavuka 10 hivi, fotoni, yaani chembe za eksirei zenyewe, hugonga tungsteni na risasi zilizomo kwenye kichwa cha mashine na kung'oa nyutroni kutoka viini vya atomu. Vile vyuma vinavyochonga mwale ufuate umbo la uvimbe havizizuii. Zinatapakaa chumbani na kumpata mgonjwa mwili mzima, hata kama kinachotibiwa ni tezi dume peke yake. Nazo si za kudharau: kwa mujibu wa mapendekezo ya mwaka 2007 ya ICRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, nyutroni yenye nishati ya MeV 1 hivi (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe) huhesabiwa kuwa na madhara takriban mara 20 ya eksirei kwa dozi ileile.

Nilipomweleza haya mama mkubwa, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, watu wasiende?" Waende, tena mapema. Dozi hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na ile inayoua uvimbe, na saratani isiyotibiwa haisubiri mtu. Wa kuhangaika na nyutroni ni mwenye mashine. Ahangaike zaidi akiwa na mgonjwa mtoto, mwenye miaka mingi mbele ya kuishi na athari zake, au mgonjwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, maana nyutroni huweza kuvuruga kumbukumbu ya kifaa hicho.

Kupima kwenyewe ni kazi ya kichwa. Mashine haimwagi mionzi mfululizo. Inaipiga kwa mapigo mafupi ya maikrosekunde, na kipima cha kielektroniki cha kawaida huzidiwa, kikaonyesha namba ya uongo. Hizi beji wanazovaa wafanyakazi kifuani mara nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya eksirei na gama. Ndiyo maana napenda kile kimrija cha vipovu. Ni kimrija kinachoshikika kiganjani, ndani yake jeli angavu yenye matone madogo ya kimiminika kilichopitiliza joto la kuchemka bila kuchemka. Nyutroni ikigonga, tone linapasuka na kuwa kipovu cha gesi kinachoonekana kwa macho. Eksirei zinapita bila kukigusa. Unakiweka pembeni ya mwale, mashine inapiga, unahesabu vipovu, kisha unakaza kifuniko vinywee ukianze upya. Mwanafunzi wa fizikia pale Chuo Kikuu cha Dodoma anaifanya kazi hii vizuri tu akielekezwa.

Hesabu za mtengenezaji hazitoshi, kwa sababu chumba nacho kina tabia yake. Zege lenye maji hupunguza mwendo wa nyutroni. Ukuta uliojazwa risasi ili kubana nafasi unaweza kuzalisha nyingine. Mlango nao unataka politheni yenye boroni, plastiki ya kunasa nyutroni. Na mwale ukizimwa, vyuma vya mashine hubaki na mionzi kwa muda: alumini-28, alumini iliyogeuka kuwa ya mionzi, hupungua nusu kila dakika 2 na kidogo, tungsteni-187 huchukua karibu siku nzima. Anayeingia kumshusha mgonjwa kitandani ndiye anayeipokea hiyo, mgonjwa baada ya mgonjwa.

Kwa maoni yangu megavolti 6 na 10 zinatutosha, hasa kwa kuwa saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi ndizo zinazojaza foleni zetu. Anayeng'ang'ania 18 aweke vipima nyutroni kwenye zabuni ileile, upimaji ufanyike kabla ya mgonjwa wa kwanza, na matokeo yasibaki kwenye kabati la mkandarasi. Nakala moja iende Tume ya Nguvu za Atomu, nyingine wapewe wanaoingia chumba kile kila siku.