Krediti 60 Zao, Deni Langu

Wanafunzi wananiita Papa Fotokopi. Jina langu la ubatizo liko kwenye karata ya uchaguzi, na hiyo karata nimeitoa kopi mara nyingi hata sura yangu imebaki doa jeusi lenye masikio. Kibanda changu kiko mbele ya geti la chuo cha ufundi cha serikali, hapa Lubumbashi. Chuo gani, sisemi. Mlinzi wa geti ndiye anayenivumilia pale, na mimi jioni nataka kurudi kwetu mtaa wa Katuba nikute bukari, ugali wetu, mezani, si maneno.

Lakini kunyamaza kabisa nako ni ugonjwa.

Watu wengine wana mwaka wa miezi kumi na miwili. Mimi naishi kwa mwaka wa masomo, na huo ni kama mgeni wa safari: anasema atafika Jumatatu, anaingia Alhamisi, halafu hajui kuaga. Kalenda rasmi hubandikwa ubaoni, ina mhuri na sahihi. Mimi mhuri siusomi. Naangalia embe. Zikianza kuuzwa kwa beseni soko la Kenya (Kenya yetu, ile komuni, si nchi ya Nairobi), na mvua ikigeuza njia ya geti kuwa uji mwekundu, najua wapya wanafika, viatu mkononi, wazazi nyuma.

Wapya nawapenda. Wanalipa. Bado hawajajifunza lile neno "niandikie". Wanatoka benki wameshika bordero ya minervali, stakabadhi ya karo, kwa mikono miwili kama padri na ostia, na chuo kinawataka kopi tatu. Moja ya wahasibu, moja ya idara. Ya tatu sijawahi kujua inalala wapi. Siku moja nikamuuliza karani. Akaniangalia kwa huruma: "Papa, wewe toa kopi. Usijitafutie kazi isiyo na mshahara."

Raha hiyo haidumu. Krismasi ikipita, mpya amekuwa mwenyeji, na mwenyeji yumo kwenye daftari langu la madeni. Daftari lina kurasa tisini na sita, na mwaka jana nilinunua la pili. Zamani, enzi za graduat, shahada ya kwanza ya zamani, miaka mitatu, na lisansi miwili juu yake, deni lilikuwa la adabu. Mtu akishindwa anarudia darasa, nami namkuta palepale, namdai. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 tuko kwenye mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta, doktora: krediti 60 kwa mwaka, 180 mpaka lisansi. Nikafurahi. Nikadhani krediti ni vocha za simu, labda watanilipa kwa hizo. Kumbe katika mfumo huu mtu anaweza kupanda darasa huku amebeba somo aliloshindwa, na somo hilo linaitwa deni! Nilipoambiwa nikakaa chini. Mimi nahangaika kuwafundisha watu kwamba deni ni jambo la aibu, na kule ndani deni limepewa nafasi kwenye matokeo. Kijana mmoja wa idara ya umeme nilikuwa namdai franga 38,400. Nilipomkumbusha, akanijibu kwa utulivu wa daktari: "Papa, usiwe na wasiwasi. Ni deni la mwaka wa kwanza, nitalisafisha mwaka wa tatu."

Tuje kwenye silabusi, kile kitini cha somo. Asistenti analeta moja, ya asili, yenye madoa ya chai, anasema nataka mia na ishirini kufikia kesho. Nami si mjinga, huwa nasoma ninachokopi. Kwa miaka tisa nimesoma elektroniki, mashine za umeme na upinzani wa vifaa. Mtu akinipa mtihani nashindwa, lakini nashindwa nikiwa na msamiati.

Kwenye silabusi ya usafirishaji wa umeme kuna ukurasa wa 27. Unaeleza laini ya Inga mpaka Kolwezi: kilomita kama 1,700, kilovolti 500, mkondo mnyoofu, ilianza kazi miaka ya 1980 ili migodi ya Katanga ipate nguvu. Inaelezwa pia kwamba njiani hakuna kituo cha kuuchukua, kwa hiyo vijiji vingi vilivyo chini ya zile nguzo vinauona umeme ukipita juu tu, kama ndege ya Kinshasa. Nikavionea huruma vijiji hivyo. Mashine ilikuwa imefika kopi ya sitini na moja ya ukurasa huohuo. Ikatoa mlio wa mtu aliyekanyagwa. Taa ikazima, na karatasi ikabaki nusu ndani nusu nje. Nikaishika, bado ina moto, nikaona imeandikwa mpaka "kilovolti 5". Sifuri mbili zimebaki njiani.

Umeme unatoka bondeni kwa mto Kongo, unavuka nchi nzima bila kupumzika, halafu unachokea mbele ya kibanda changu. Tuachane na hayo.

Ndiyo maana nikanunua kigrupu, jenereta ndogo ya kuvuta kamba, sauti yake kama mzee mwenye kifua. Kinakunywa kuliko shemeji yangu. Nacho ndicho kilichoniingiza kwenye elimu ya juu, mtaona.

Kabla ya hapo, mgomo. Maprofesa wa vyuo vya serikali wanakumbushia makubaliano ya mishahara yaliyosainiwa Bibwa, kule Kinshasa, na siwalaumu. Mtu mwenye watoto ana haki ya kukumbusha. Ila wao wakigoma, njaa inaanzia kwangu. Geti linabaki wazi, mbuzi wanaingia idara ya mekanika bila kuonyesha bordero, na mimi nakaa na mlinzi tunakunywa munkoyo na kuhesabu mbuzi. Nyumbani mama watoto ananitazama nikifunga viatu asubuhi. "Profesa anagomea mshahara. Wewe unayekwenda kukaa, unagomea nini?" Sikuwa na jibu, nikafunga kamba mara mbili.

Mitihani siizungumzii. Ikija inakuja usiku mmoja, wote wanataka silabusi walizozikataa miezi sita, na wote "niandikie". Matokeo yakibandikwa, aliyepita anataka kopi aipeleke kijijini, aliyeshindwa anataka barua ya rufaa. Barua ya rufaa ninayo moja tu, nzuri, ina "kwa heshima na unyenyekevu mkubwa" mara tatu. Nabadilisha jina. Mwaka mmoja nilisahau kubadilisha, na kijana wa mekanika akakata rufaa kwa jina la binti wa kompyuta. Nasikia alama ziliongezwa. Za yule binti.

Sasa TFC, ile kazi ya kuandika ya kumalizia masomo. Siku hizi mnatakiwa kusema memwari, lakini karatasi ni zilezile. Hapa ndipo nalalamika kwa haki. Ninazipiga chapa, ninazifunga kwa waya, ninasahihisha hata majina ya maprofesa. Na kila moja naanza kwa ukurasa wa shukrani, kama wengine wanavyoanza gazeti kwa matangazo ya vifo. Mungu yumo. Wazazi wamo. Wajomba sita, mchumba, mchumba wa zamani aliyefichwa kwa herufi moja, hata asistenti aliyemnyima mtu alama. Papa Fotokopi, miaka tisa, hayumo.

Kijana wangu wa 38,400 naye akafika na yake, kuhusu kuboresha umeme wa mtaa mmoja wa Ruashi. Nikaisoma, nikaitambua. Mwaka uliotangulia niliipiga chapa ikiwa ya Katuba. Ukurasa wa 43 alisahau, umeme wa Ruashi ukapita kwenye barabara ya kwetu, mbele kabisa ya nyumba ya shemeji. Nikarekebisha bila kumwambia. Nikaandika kwenye daftari: 41,900.

Siku ya kutetea, kalenda inasema Julai. Sisi tulikuwa Novemba, embe zimeshaanza. Umeme ukakatika saa nne. Saa nne na robo asistenti akaja mbio, tai begani.

"Papa Fotokopi, jambo sana. Juri inakusalimu."

Miaka tisa juri haijawahi kunisalimu. Nikajua wanataka kigrupu.

Tukakiweka chini ya dirisha la ukumbi, waya tukaupitishia kwenye kioo kilichovunjika, projekta ikawaka. Mafuta nilitia ya kwangu, lita moja na nusu, "tutaongea baadaye". Nikabaki nje juani, kamba mkononi, shingo nimeinua niangalie ndani. Kijana kavaa suti ya kuazima, mikono ya koti imemeza vidole. Anaonyesha michoro, anapaza sauti kuishinda ya kigrupu. Nakiri, anaongea vizuri.

Profesa mmoja akavua miwani. "Umeme wa kawaida ukikatika, mfumo wako unafanya nini?"

"Mheshimiwa, mfumo unahamia papo hapo kwenye chanzo mbadala. Mtumiaji hahisi lolote."

Wakati huohuo kigrupu kikakohoa. Projekta ikafifia. Nikavuta kamba mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, kiwiko kikagonga ukuta. Ya tatu kikaitika, moshi wote ukaingia dirishani kwa juri. Mimi nilihisi kila kitu.

Wakampa kumi na sita juu ya ishirini.

Makofi, vigelegele, mama yake akamwaga poda kichwani kwake. Akasimama kushukuru. Mungu. Wazazi. Wajomba. Nikajisogeza dirishani, nikafuta uso kwa kofia.

"Na kwa namna ya pekee," akasema, mkono ukielekea upande wangu, "nashukuru chanzo mbadala cha nishati kilichotuwezesha leo."

Ukumbi ukapiga makofi. Nami nikapiga, ningefanyaje.

Nikazima chanzo, nikaanza kukunja waya wangu. Kibandani nikakuta mama na binti wananingoja, viatu mkononi, bordero imeshikwa kwa mikono miwili.

"Papa, kopi tatu ni ngapi?"

Nikawaambia wakae kidogo kivulini, kigrupu hakina mafuta.