Msiiite fenobabitoni dawa ya maskini

Huku kwetu Morogoro watu wameshazipanga dawa hizi mbili za kifafa kwa hadhi. Fenobabitoni ni ya zahanati, ya wasio na hela. Kabamazepini, au Tegretol kama wengi wanavyoiita, ndiyo "dawa yenyewe". Mdogo wangu amezimeza zote mbili, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikimpa. Upangaji huo nauchukia, maana nusura utuondolee mtoto.

Alianza fenobabitoni akiwa darasa la tatu: vidonge vyeupe vya miligramu 30, viwili kila usiku baada ya kula. Alikuwa akianguka karibu kila wiki, akaanza kupitisha miezi bila kuanguka. Dawa yenyewe ni kongwe. Alfred Hauptmann, daktari wa Kijerumani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa, na kule Mahenge, mkoani kwetu hapahapa, daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu kwayo watu ambao jamii ilikuwa imewatenga. Inakaa mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo kumeza mara moja kwa siku kunatosha. Kwa mama anayetoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jioni, hilo ni jambo kubwa.

Ila mtoto alikuwa akisinzia darasani. Ninalo bado daftari lake la wakati ule. Mistari mitatu ya kwanza mwandiko umenyooka, wa nne unapanda mlima, halafu kalamu inaburuzika mpaka ukingoni mwa karatasi. Chini yake, kwa wino mwekundu: "Mvivu." Nililia nilipoliona, nikalibeba hadi kliniki.

Daktari aliligeuzageuza, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Dada, kifafa kikitaka kumwangusha, kinaanzia wapi?" Nikamweleza: kidole gumba cha mkono wa kulia kinaanza kuchezacheza, mdomo unavutika upande, ndipo anaanguka. Akasema hicho ni kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na kwa aina hiyo kabamazepini inafanya kazi vizuri bila kumsinzisha mtoto kiasi kile. Lakini akaniambia pia kwamba angekuwa wa wale wanaokodoa macho sekunde chache kisha wanaendelea na shughuli kama vile hakukuwa na kitu, au wanaostukastuka mikono asubuhi, dawa hiyohiyo ingeweza kumzidishia. Hilo wanaoisifia "dawa yenyewe" hawalisemi kamwe.

Tulihama polepole, wiki kwa wiki, hii ikipanda na ile ikishuka. Niliagizwa nimkague ngozi kila siku mwanzoni, maana kabamazepini huwaletea watu wengine vipele vya hatari, na vikitokea ni kuwahi hospitali siku hiyohiyo. Ikawa asubuhi na jioni, kila siku. Na mtoto akaamka! Daftari lililofuata limejaa mpaka ukurasa wa mwisho.

Kisha kabamazepini ikaadimika madukani. Kopo la fenobabitoni lilikuwepo zahanati, mwendo wa nusu saa, lakini nyumbani wakasema haturudi kwenye dawa ya maskini, tusubiri mzigo uje. Tukakaa siku tano bila dawa yoyote. Siku ya tano usiku alianguka, akatulia, akaanguka tena kabla hajazinduka, na tena. Tulimfikisha hospitali kwa bodaboda, mimi nimemkumbatia katikati. Kuacha ghafla dawa yoyote kati ya hizi kunaweza kuleta hali hiyo, na inaua. Tungekwenda zahanati siku ya kwanza, wangetupangia dozi ya fenobabitoni ya kutuvusha.

Kwa hiyo mkiniuliza ipi bora, nitawauliza kwanza kinaanzaje, na dawa ipi mtaipata mwezi ujao na ule unaofuata. Kwa mwanafunzi mwenye kifafa kama cha mdogo wangu nitachagua kabamazepini bila kusita, na naona ni makosa makubwa kuikosa zahanati hadi tuifuate mjini kwa nauli. Kwa bibi wa kijijini aliyetulia na fenobabitoni yake miaka kumi, msimguse.

Dada zangu, kuna jambo ambalo dawa hizi mbili hazitofautiani. Zote zinapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, na zote zinagongana na dawa za ARV, ikiwemo dolutegravir. Mwambieni daktari mnachotumia hata kama hajauliza.

Mdogo wangu sasa ni kijana, anajimezea mwenyewe. Kila Jumapili anavimwaga vidonge mezani na kuvihesabu. Vikibaki 14 ananipigia, na kesho yake mmoja wetu anapanda gari kwenda kuvitafuta.