Shule Ndogo za Mashambani: Tuhesabu Vipindi Kabla ya Kuhesabu Vichwa

Katika ofisi za walimu wakuu wa shule za msingi za umma, kuanzia Nyakach hadi Hamisi, ni kawaida kukuta karatasi ya manila ukutani yenye idadi ya wanafunzi wa kila gredi, wavulana kwa wasichana, na jumla inayofutwa na kuandikwa upya kila muhula. Tarakimu hizo ndizo zinazoamua shule itapata shilingi ngapi, itatengewa walimu wangapi na, siku hizi, iwapo itaendelea kuwepo. Pendekezo la kuunganisha shule zenye wanafunzi wachache limekuwa likirudi mara kwa mara katika mijadala ya elimu nchini, na maeneo ya magharibi mwa Kenya, yenye shule nyingi zilizosongamana, hayawezi kuliepuka. Wanaoliunga mkono wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Hata hivyo, naona kwamba kipimo kinachotumiwa sana katika mjadala huu, yaani idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, kinaficha tatizo lenyewe.

Upungufu wa wanafunzi una sababu zaidi ya moja. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 katika muda mfupi, na shule za vijijini zikafurika. Tangu wakati huo mambo mengi yamebadilika. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba wastani wa watoto kwa kila mwanamke Mkenya ulikuwa 6.7 mwaka 1989, na kufikia 2022 ulikuwa umeshuka hadi 3.4. Akademi za kibinafsi zimechipuka karibu kila soko, na mzazi mwenye uwezo kidogo humpeleka mtoto huko. Kisha ukaja mtaala wa umilisi (CBC): KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, darasa la saba na la nane yakaondoka, na shule iliyokuwa na madarasa manane ikabaki na gredi sita. Shule nyingi zilipewa sekondari msingi ya Gredi ya 7 hadi ya 9 katika uwanja uleule, lakini nyingine hazikuipata.

Sababu inayoniuma zaidi ni ile inayojizalisha yenyewe. Mwalimu mmoja akihamishwa bila kuletwa mwingine, wazazi huona daftari za watoto wao zikikaa wiki nzima bila alama ya kalamu nyekundu, na wenye uwezo wa kulipia bodaboda huwahamisha watoto. Idadi ikishuka, shule hukosa hoja ya kuomba mwalimu, na muhula unaofuata wengine huondoka. Wanaobaki ni watoto wa familia zisizo na pa kwenda, na hao ndio wanaohitaji shule ya umma kuliko wote.

Tuchukue shule ya mfano yenye wanafunzi 112 kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 6, ikiwa na walimu wanne walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), mwalimu mkuu akiwa mmoja wao. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Hata fedha hizo zikifika zote na kwa wakati, jambo ambalo walimu wakuu hawalitegemei, shule hiyo itapata shilingi 159,040 kwa mwaka mzima, ilhali shule ya wanafunzi 600 itapata shilingi 852,000. Shule zote mbili zina lango la kulindwa, choo cha kutunzwa, paa linalovuja na bili ya stima. Gharama hizo hazipungui kwa kadiri ile ile ambayo idadi ya watoto inapungua, kwa hivyo shule ndogo huanza mwaka ikiwa nyuma kabla hata chaki haijanunuliwa.

Upande wa walimu ndio unaopotosha zaidi. Wanafunzi 112 kwa walimu wanne ni wanafunzi 28 kwa kila mwalimu, na kwa kuwa kipimo kilichozoeleka kwa miaka mingi ni wanafunzi 40 kwa mwalimu mmoja, afisa anayesoma takwimu hizo akiwa mbali ataona shule iliyojaliwa. Lakini ratiba haisomi hivyo. Gredi ya 1 hadi ya 3 zina vipindi 31 kwa wiki kila moja, na Gredi ya 4 hadi ya 6 zina vipindi 35. Jumla ni vipindi 198. Walimu wanne wakifundisha vipindi 35 kila mmoja, bila kupumzika, bila kusahihisha na bila mwalimu mkuu kuitwa mkutanoni hata mara moja, watafikisha 140. Vipindi 58 vitabaki bila mwalimu kila wiki. Kwa hesabu ya vichwa, shule hiyo imezidishiwa walimu. Kwa hesabu ya vipindi, inahitaji angalau wawili zaidi.

Sekondari msingi ni mbaya zaidi. Kila gredi ina vipindi 40 kwa wiki, kwa hivyo gredi tatu zinahitaji vipindi 120. Shule ikiwa na wanafunzi 31 na walimu wawili, uwiano wake utamfanya mzazi wa mjini atamani kumhamishia mwanawe huko. Ukweli ni kwamba kila saa ya masomo kuna chumba kimoja kati ya vitatu kisicho na mwalimu. Mwalimu huandika maswali ubaoni katika Gredi ya 8, huchagua kiranja wa kuandika majina ya wapiga kelele, kisha huvuka uwanja kwenda Gredi ya 7. Tena walimu hao wawili, ambao kwa kawaida wamesomea masomo mawili kila mmoja, wanatakiwa kufundisha masomo tisa, kuanzia Sayansi Jumuishi hadi Sanaa Bunifu na Michezo. Kwa masomo ambayo hawakuyasomea, kitabu ndicho kinachofundisha.

Hapo ndipo hoja ya kuunganisha inapopata nguvu, na ni haki isemwe yote. Shule tatu jirani za namna hiyo zikiweka pamoja wanafunzi wao wa sekondari msingi, zitakuwa na wanafunzi 93, yaani wastani wa 31 katika kila darasa, pamoja na walimu sita. Kila mwalimu atafundisha vipindi 20 kwa wiki, na walimu sita wenye masomo mawili kila mmoja, wakipangwa vizuri, wanatosha kugawana masomo tisa. Hakuna shilingi mpya iliyotumika kuajiri. Kwa wanaosimamia bajeti isiyotosha, hesabu hiyo haina jibu rahisi.

Historia nayo iko upande wao kwa kiasi. Shule zetu hazikupangwa na mtu mmoja aliyekuwa na ramani mkononi. Marafiki, yaani Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua misheni Mumias mwaka 1904, na Waanglikana wakaanza Maseno mwaka 1906. Kila dhehebu lilipanda shule zake, na lililofuata likapanda zake kando yake, kiasi kwamba hadi leo unaweza kusikia kengele ya shule ya Marafiki ukiwa umesimama katika uwanja wa shule ya Kanisa la Mungu. Baadaye ushindani wa koo na ahadi za wanasiasa, hasa baada ya fedha za maendeleo ya maeneobunge kuanza kutolewa mwaka 2003, uliongeza shule nyingine mahali ambapo pengine madarasa mawili mapya katika shule iliyokuwepo yangetosha. Katika Kaunti ya Vihiga, ambako sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, shule mbili zinaweza kuwa hatua chache tu moja kutoka kwa nyingine. Kuzitenganisha kwa sababu tu wafadhili wake ni makanisa tofauti ni kuwanyima watoto walimu kwa ajili ya mambo ya watu wazima.

Lakini Vihiga si Nyando, wala si Kuresoi. Katika tambarare za Kano na kule Budalangi, mto ukifurika njia hukatika, na shule iliyo kilomita mbili kwenye ramani inaweza isifikike kwa wiki kadhaa. Mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda, familia nyingi za pwani ya ziwa zilihama makwao. Katika maeneo ya juu ya Nakuru, kama Kuresoi, ukungu wa asubuhi na barabara zenye utelezi humfanya mtoto wa miaka sita achelewe hata anapoishi karibu. Mtoto wa Gredi ya 1 hatembei kama kaka yake wa Gredi ya 8. Atachoka, ataogopa mbwa, ataogopa daraja la miti, na mwishowe atakaa nyumbani hadi afikishe miaka minane. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hiyo hupungua uzito shule inapokuwa mahali asipoweza kufika.

Ziko hoja nyingine za kutetea shule ndogo ambazo sizioni kuwa na nguvu hiyo, mfano ile ya kwamba shule ni kituo cha kupigia kura. Kituo cha kura kinaweza kuhamishwa. Suala la ardhi ni zito zaidi: viwanja vingi vilitolewa na familia za kijiji kwa ajili ya elimu, baadhi bila hatimiliki, na shule ikifungwa ni rahisi kiwanja hicho kunyakuliwa.

Je, shule ndogo hufundisha vizuri zaidi kwa kuwa mwalimu anamjua kila mtoto? Wengi wetu tunaamini hivyo, lakini ushahidi uliokusanywa katika eneo hili unatutaka tutahadhari. Mwaka 2005, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walishiriki katika jaribio lililofanywa katika shule za Bungoma na Butere-Mumias, ambapo kamati za shule zilisaidiwa kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba, na darasa la kwanza lililokuwa na watoto wapatao 80 likagawanywa kuwa madarasa mawili. Watoto waliobaki na mwalimu wa kudumu katika darasa lililopungua hawakupata manufaa makubwa, kwa sababu baadhi ya walimu hao walipunguza juhudi. Waliofundishwa na mwalimu wa mkataba ndio waliosonga mbele zaidi. Wazazi walipopewa mafunzo ya kufuatilia kazi ya walimu, kasoro hiyo ilipungua. Jaribio la baadaye lililofanywa katika mikoa yote ya nchi lilionyesha kwamba walimu wa mkataba waliosimamiwa na wizara hawakuleta manufaa yaliyopatikana pale waliposimamiwa na shirika lisilo la kiserikali. Kwangu mimi, hilo linamaanisha kwamba udogo wa darasa pekee haufundishi mtu. Kinachofundisha ni mwalimu aliyepo darasani na anayefuatiliwa na watu wanaomjua. Shule ndogo ina nafasi nzuri ya kupata ufuatiliaji huo, mradi iwe na mwalimu wa kufuatiliwa.

Kwa hivyo sioni sababu ya kutoa jibu moja kwa shule nzima. Sekondari msingi iunganishwe bila kusitasita pale shule zinapopakana, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kutembea mbali kidogo na hasara ya kukosa walimu wa masomo ni kubwa mno. Gredi za mwanzo zibaki karibu na nyumbani, hata kama zitakuwa na watoto 60 tu, na zitengewe walimu kwa kuzingatia vipindi. Nakiri kwamba hesabu inaelekea kwenye muungano hata katika gredi hizi za chini: shule tatu za watoto 112 zingekuwa na walimu kumi na wawili, na kila gredi ingeweza kugawanywa katika madarasa mawili ya watoto 28 huku kila mwalimu akibaki na vipindi 33. Ni hesabu nzuri, na anayeilipia ni mtoto wa miaka sita kwa miguu yake. Pale ambapo walimu hawawezi kupatikana, Gredi ya 1 na ya 2 zinaweza kufundishwa katika chumba kimoja na mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Leo hii wengi huifanya kwa kulazimika, bila mafunzo na bila kutambuliwa.

Mfumo wa kugawa kila kitu kwa vichwa una madhara mengine yanayopaswa kutajwa wazi. Unamshawishi mwalimu mkuu aliyekwama aandikishe wanafunzi hewa, na kosa hilo huwaibia watoto wa shule nyingine. Wakati huohuo unawaacha nje watoto halisi, kwa sababu asiye na cheti cha kuzaliwa amekuwa akikumbana na vikwazo vya kuingizwa katika mfumo wa kitaifa wa takwimu, ingawa yuko darasani kila siku na anakalia dawati. Pengo la walimu hujazwa na walimu wa Bodi ya Usimamizi wanaolipwa na wazazi. Kwa kuwa wazazi wa shule ndogo ni wachache na aghalabu maskini, mchango wa kila mmoja huwa mkubwa zaidi kuliko katika shule yenye wanafunzi 600, katika elimu ambayo kisheria ni ya bure.

Mpango ninaoupendekeza una vizuizi viwili vya kiutendaji. Cha kwanza ni kwamba mwalimu wa TSC huajiriwa kwa kituo kimoja. Ili mwalimu wa Hisabati ahudumie shule mbili au tatu jirani, barua yake ya kazi itaje shule hizo zote, na nauli yake ilipwe na mwajiri, isitolewe katika ule mgao wa shilingi 1,420. Cha pili ni namna umbali unavyopimwa. Kamati inayoamua shule ipi iungane na ipi, itembee njia yenyewe pamoja na wazazi, kutoka boma la mbali zaidi hadi lango la shule inayopendekezwa, na ifanye hivyo mwezi wa Aprili mvua ya masika inaponyesha, wakati vijito vimejaa, kuliko Januari njia zikiwa kavu.