Ukweli kuhusu Kanzu ya Mzee na Grisi ya Idi

Kwa kuwa jirani yangu fundi redio ameshaisambaza habari hii ya kanzu ya mteja wangu Ngamiani nzima, hapa Tanga, tena kwa nyongeza kwamba nilikimbizwa kwa kobazi hadi barabara ya 12, nimeona heri niieleze mwenyewe kabla haijafika Pongwe nikiwa nimeshalazwa hospitali.

Wanaoifahamu karakana yangu wanajua kwamba anayetunyima usingizi si mwizi bali ni jasho la chuma. Wakati wa masika mashine ya kukerezea, ile inayozungusha chuma kikichongwa, hupoa usiku, na kwa uzito wake huchelewa kupata joto; asubuhi mlango ukifunguliwa, hewa ya bahari yenye unyevu hukikuta chuma kingali baridi, na maji yakajitokeza juu yake kama kwenye gilasi ya maji ya barafu. Mwaka jana tuliifunika kwa nailoni, kumbe unyevu uliopanda kutoka sakafuni ulinaswa humo humo, na reli zake za chuma zikaota kutu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana tulipofunga kwa ajili ya Idi niliifunika kwa turubai la pamba linalopitisha hewa, nikaacha balbu ya wati 60 ikiwaka ndani ya kabati la chini ili chuma kibaki na joto kidogo kuliko hewa, kisha nikamwagiza mwanafunzi wangu apake grisi kila palipo na chuma kitupu. Kijana huyu ni mtiifu mno. Alipaka kila mahali, hata katikati ya zile taya tatu za kichwa kinachozunguka, zinazobana chuma kinachokerezwa, ambako jicho halifiki.

Siku ya kufungua ilikuwa Ijumaa. Akaingia mzee mmoja wa Sahare, mwenye boti, akiwa ndani ya kanzu nyeupe ambayo mikunjo ya pasi bado ilionekana, na nyuma yake kijana amebeba shafti ya kukerezwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniomba nimhakikishie kwamba mashine haikuharibika kwa mvua. Nikafunua turubai kwa madaha. Reli zilimeremeta. Mzee akasogea aone vizuri, akasimama sambamba kabisa na kile kichwa chenye taya, nami nikabonyeza swichi.

Ndugu wasomaji, acheni kucheka kwanza. Kichwa kilianza kuzunguka polepole, kikatoa mlio wa kulamba. Tone la kwanza lilipanda juu likagonga dari, na sote wawili tukaliangalia kwa utulivu. La pili lilitua ukutani, kwenye kalenda. Kisha mwendo ukakolea, na grisi yote iliyojificha kati ya taya ikatoka kwa mstari mmoja mnyoofu: ikaanzia kwenye kofia ya mzee, ikashuka puani, ikapita katikati ya ndevu, ikaendelea kifuani hadi chini ya kitovu, kwa unyoofu ambao mimi mwenyewe sijawahi kuupata kwa rula. Mzee hakupiga kelele. Alijipapasa pua, akakitazama kidole, akaniuliza, “Mwanangu, hii ndiyo dawa ya kutu?” Nami, kwa ulimi usiokuwa wangu, nikajibu, “Ndiyo, mzee, tena inashika sana.”

Mengineyo ni mafupi: nilimvalisha kanzu yangu, ambayo ilimfika magotini, akaenda msikitini nayo, ya kwake niliifua kwa mafuta ya taa na sabuni, likabaki doa la kitovuni, shafti nimeikereza bila malipo. Hakuna kobazi iliyovuliwa. Na kwa wale wanaoniuliza kwa kejeli kuhusu ile mashine, haina kutu hata chembe.