Ireland inatajirika, ila kwa hesabu ipi?

Mwaka 2015 uchumi wa Ireland ulitangazwa kukua kwa takriban robo nzima ndani ya mwaka mmoja. Hakukuwa na kisima cha mafuta kilichogunduliwa. Kampuni kubwa za kigeni, hasa za Marekani, zilihamishia haki miliki zao kwenye vitabu vya matawi yao ya huko, na faida ikahesabiwa huko. Mchumi Paul Krugman aliukejeli kuwa ni uchumi wa vibwengo.

Wanaosema utajiri huo ni wa makaratasi wana hoja nzito. Wanatakwimu wa nchi hiyo wenyewe walilazimika, mwaka 2017, kuanza kutoa kipimo kingine kinachochuja sehemu kubwa ya mahesabu ya kampuni hizo. Kwa kipimo hicho, uchumi wa 2023 haukufika theluthi mbili ya pato la taifa tunalosomewa. Biashara ya nje nayo ina mazingaombwe yake: bidhaa inaweza kutengenezwa kwa mkataba katika nchi ya pili, ikauzwa ya tatu bila kukanyaga Dublin, na bado ikaandikwa kuwa imeuzwa na Ireland.

Hata hivyo, Apple iko Cork tangu 1980, Intel ikafuata Leixlip mwaka 1989, na viwanda vya dawa vya Ringaskiddy vinaajiri watu wa kweli wanaolipwa vizuri. Nchi iliyozoea kusindikiza vijana wake kwenda London na Boston sasa inapokea wahamiaji. Kodi ya asilimia 12.5 kwa faida za kampuni ilisaidia, ila si peke yake. Sekondari bila ada zilianza 1967, na uanachama wa Jumuiya ya Ulaya, mwaka 1973, ulifungua soko.

Kwangu mimi hatari iko kwenye uchache wa walipaji. Zaidi ya nusu ya kodi ya kampuni hutoka kwa kampuni kumi tu. Ndiyo maana tulishuhudia kioja cha serikali kukataa pesa: Tume ya Ulaya ilipoamua mwaka 2016 kwamba Apple inadaiwa na Ireland kodi ya euro bilioni 13, Ireland ilikata rufaa bega kwa bega na mdaiwa wake. Mwaka 2024 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikailazimisha kuzipokea.

Mwaka huohuo karibu theluthi ya bidhaa ilizouza nje zilikwenda Marekani, nyingi zikiwa dawa na kemikali. Trump alipoanza kutangaza ushuru mwaka 2025, tumbo joto lilikuwa Dublin kuliko miji mingi ya Ulaya. Makubaliano ya Julai kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya yaliweka kikomo cha asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za Ulaya, lakini hakuna sheria inayoizuia kampuni kurudisha haki miliki zake nyumbani. Kabla ya 2008 hazina iliegemea kodi za majengo. Soko lilipoporomoka, mwaka 2010 nchi ikaomba kuokolewa.

Safari hii sehemu ya ziada ya kodi hizo za kampuni inawekwa kwenye mfuko wa akiba ulioanzishwa 2024. Ni busara, ingawa wapangaji wa Dublin wangeuliza akiba ya nini wakati nyumba hazitoshi. Kuwajibu si rahisi: mafundi ni wachache, mabomba ya maji yamezidiwa, na vituo vya data vya kampuni hizohizo vilitumia asilimia 21 ya umeme wa nchi mwaka 2023.