Tuandikieni na waliosimama tena

Kuna habari imeuliza kama riwaya ya kijana aliyeharibikiwa akaanza upya inawafaa watoto wetu, mimi nasema inawafaa tena sana. Mdogo wangu aliacha shule form two akahamia mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kubeba ndoo za dagaa, anarudi usiku macho mekundu haongei na mtu, mama alishalia mpaka akachoka. Siku moja nikasahau kitabu kwenye kochi, hadithi ya dogo aliyetoka mahabusu ya watoto akapelekwa kwa mjomba wake kuanza maisha, usiku nikamkuta anasoma kwa tochi ya simu, kidole kinafuata mstari na kurasa zinanuka dagaa. Akaniuliza tu, hivi huyu mwishoni anarudi shule? Sikumjibu, nikamwambia malizia. Saivi anajiandaa na QT, ule mtihani wa kufuzu wa wanaosoma nje ya shule, ili aje afanye mtihani wa form four, na mwaloni anaenda asubuhi tu.

Sisi wa kanda ya ziwa tulikuwa na mwandishi Kezilahabi wa Ukerewe, riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 naiheshimu mno, lakini jamani Rosa anajiua. Tangu 2021 mabinti waliokatishwa masomo kwa mimba wanaruhusiwa kurudi darasani, sasa nao wasome nani aliyeanguka akasimama? Waandishi tuandikieni huyo, awe wa Igoma au Buhongwa hapa hapa Mwanza, na bei iwe ya kawaida, maana mdogo wangu kila wiki ananiuliza kaka umepata kingine?